Mkono Usiopakwa Udi

Tangu nikabidhi funguo, ninyi vijana wa karakana mmenishika shati, niandike jinsi kazi ya mtambo ilivyokuwa zamani. Haya, naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alipewa ofisi yenye dirisha, hayo kaulizeni kwingine. Mimi nitasema mambo ya mikono. Na kabla hamjaambiwa na mtu, nawaambia mwenyewe: mimi Bakari Mhina, mtoto wa Tanga, ni mtu wa wivu. Wenzangu wa rika langu wana sukari na presha, mimi nina kijiba cha roho. Miaka yangu yote katika ile karakana nilitaka jambo moja tu, kwamba Bwana Seif anihesabu mimi kuwa fundi wake wa kwanza, mbele ya Wanjala. Watu walikuwa wakiniuliza kama silali kwa kuogopa nyuklia. Nilikuwa silali kwa ajili ya Wanjala.

Nilifika Doha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kufunga viyoyozi hotelini. Nilikulia kwenye karakana ya friji ya marehemu baba yangu, kwa hiyo kutafuta mahali bomba linapovuja nilikujua kabla sijajua kunyoa ndevu. Siku moja jamaa mmoja msikitini aliniambia kuna maabara nje kidogo ya mji inatafuta mtu anayejua kuvuta hewa kwenye chombo mpaka kibaki kitupu. Nikasema hiyo si ndiyo kazi yangu? Nikaenda na boksi langu la spana na chupa ya povu la sabuni.

Aliyenipokea alikuwa mzee mrefu, mwembamba, kanzu nyeupe ndani ya koti la maabara. Nikamsalimia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja mjini, kile chenyewe. Ndiye Bwana Seif, Mmanga wa Maskati aliyezaliwa na kulelewa Unguja, mkuu wa majaribio. Loh, nilifurahi! Nikajiambia, Bakari, hapa umefika kwenu. Akalitazama lile povu la sabuni, akalichukua kwa vidole viwili na kuliweka nje ya mlango. Kisha akasema, "Lete mikono."

Nikadhani anataka kuona kama nina sugu. Akaiinamia akainusa, mmoja baada ya mwingine, mbele na nyuma. Akaniambia nirudi kesho nikiwa nimeoga kwa sabuni isiyo na harufu. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, na ilikwisha kabla haijaanza.

Ninyi mmezikuta mashine za kunusa, kwa hiyo mnaona ni vituko. Ngoja niwaeleze tulikuwa tunapima nini, maana wengi wenu mmeukuta mtambo ule umeshafunikwa turubai. Kinu cha nyuklia cha kawaida huchemsha maji, mvuke ukazungusha mapanga, mapanga yakatoa umeme. Kile chetu hakikuwa na maji wala kitu cha kuzunguka. Joto linageuka umeme palepale. Kuna bomba la ndani la chuma kigumu na bomba la nje linalolivaa, na katikati yao upenyo mwembamba kuliko ukucha. La ndani likipata moto mpaka likawa jeupe, linarusha chembe za umeme kama bisi zinavyoruka kikaangoni, na la nje linazidaka. Kwenye upenyo unatiwa mvuke wa siziamu kidogo, madini laini yanayowaka yakikutana na hewa. Wenye mradi walikuwa wageni wa nchi ya mbali waliotaka kinu hicho kwa ajili ya vyombo vya angani, mahali ambapo huwezi kumtuma fundi.

Urani hatukuwa nayo hata punje. Mahali pa urani tulichomeka hita ya umeme, tukapata joto lile lile bila mnururisho. Yaani tulitumia umeme mwingi kupata umeme kidogo, na tulifurahi sana tukiupata. Kule Najma nilikokaa, majirani zangu walinzi na madereva walishaamua kwamba natengeneza bomu. Niliwaambia natengeneza pasi isiyonyoosha nguo. Hawakuniamini, na wakaanza kunipisha kwenye foleni ya mikate.

Sasa, adui wa mtambo ule alikuwa mafuta. Mafuta yoyote. Alama ya kidole kimoja ndani ya upenyo, ukishawasha hita, inaungua inakuwa masizi, masizi yanatanda, na umeme unakufa. Glavu tulivaa, lakini kinachokaa mkononi na kwenye nguo hupata njia. Ndiyo maana Bwana Seif alinusa mikono yetu kila asubuhi mlangoni, kama mama anayeangalia kama watoto wamenawa. Marufuku marashi, marufuku mafuta ya nywele, na juu ya yote, marufuku udi. Hebu fikirini, Doha! Mji ambao ukiingia dukani kununua soksi unatoka unanukia. Na mke wangu Mwanaisha, Mama Salha, mtu wa Pangani, kwake nyumba isiyofukizwa ni ghala.

Mwanaisha alivumilia. Akanitengea kabati langu la nguo mbali na lake, akanitafutia sabuni ya mche. Udi akawa anafukiza Ijumaa peke yake, mimi nikiwa nje. Lakini alikuwa akiuita ule mtambo mke mwenziwe. "Mwenzangu hajambo?" ananiuliza nikirudi. Nikisema hajambo, ananuna. Mnaona basi, wivu kwetu ulikuwa wa nyumba nzima.

Sikukuu moja uvumilivu ulimwisha. Akakiingiza chetezo cha udi ndani ya kabati langu akafunga mlango. Mimi sikusikia chochote, maana siku ya Idi mji mzima unanukia na pua inakuwa imelewa. Tuliporudi kazini Bwana Seif alikuwa safarini, hakukuwa na mtu wa kuninusa. Nikaunganisha kipande, tukawasha pampu, na geji inayopima hewa iliyobaki ndani ikagoma kushuka. Ilifika mahali ikakaa. Tukatafuta pa kuvuja wiki nzima, hapavuji. Bwana Seif aliporudi hakuangalia hata geji. Alinusa kola ya shati langu, akasema kwa upole, "Bakari, mtambo huu umekwenda Idi." Tukafungua, tukaosha kila kitu upya.

Hakunigombeza. Alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Jioni ile alikuja Najma, akapanda ngazi zetu, na tende na halua mkononi, akakaa sebuleni akamwomba radhi mke wangu kwa kuuondoa udi nyumbani mwake. Mwanaisha aliona haya. Bwana Seif akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya udi, kidogo, kifuniko cha fedha, akamwonyesha. "Mama Salha, nisamehe," alimwambia. "Nakuahidi, siku mumeo akimaliza kazi, mafuta haya nitampaka mimi mwenyewe." Kisha akakirudisha mfukoni. Nilivimba kichwa. Nikajiona mwana wa nyumba.

Ndipo akaja Wanjala.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sikupona. Wanjala alikuwa kijana wa Bungoma, mchomeleaji, aliyekuwa akitengeneza mabomba ya hospitali huko Nairobi. Mrefu, meno meupe, kicheko kinachoanzia mbali. Siku yake ya kwanza Bwana Seif alimwambia alete mikono, naye akaitoa akasema, "Mzee, ukiipenda usiikule." Bwana Seif akacheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilishanuswa mikono miaka miwili na sikuwahi kuona hata jino lake moja. Tangu siku hiyo nikawa nahesabu vicheko vyake.

Kiswahili chake kilinikera. Kila kitu kwake ni "hiyo kitu", na bado Bwana Seif, mtu wa lugha safi, alimsikiliza kama anayesikiliza redio. Nilidhani Kiswahili cha pwani kingenipa mimi kiti cha mbele, kumbe hata hicho mzee alikuwa tayari kukisamehe. Wanjala alikuwa anaketi naye saa za chai, wanazungumza habari za mahindi. Bwana Seif alikuwa na shamba dogo nyuma ya nyumba yake Umm Salal, na ikatokea kwamba Wanjala anajua mahindi. Mimi nikaanza kusoma habari za mahindi. Nilipoleta mazungumzo ya mbolea, mzee akaniuliza kama ninaumwa.

Na ubaya wake, Wanjala alijua kazi. Angekuwa mzembe ningepumzika. Kuna kipande kimoja kilitusumbua, kikiwa baridi hakivuji, tukikipasha moto geji inapanda, kikipoa kimetulia tena. Mimi nilikinusisha heliamu, ile gesi ya kutafutia pa kuvuja, kila kiungo, kikiwa baridi bila shaka, maana kikiwa moto hakishikiki. Nikaapa kwamba ni geji mbovu. Wanjala alikaa nacho siku nzima kimya, kisha akaja kwa Bwana Seif. "Mzee, hiyo kitu inavuja ikiwa moto pekee yake. Chuma inakua, udongo haikui." Alimaanisha kile kikombe cha udongo wa kuchoma kilichogundishwa na chuma. Chuma kikipata moto kinatanuka kuliko udongo, ufa unafunguka, kikipoa unafunga. Ilikuwa kweli. Bwana Seif alimshika bega. Bega lile nililitazama mpaka saa ya kutoka.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mwanaisha kwamba bahati ni kitu cha ajabu. Akaniuliza kama huyo bahati ni yule yule wa Bungoma. Nikamwambia apakue chakula.

Lakini kufunga, nasema bila kujisifu, kufunga chombo nilikuwa nakuweza. Hapo nataka msikilize, maana hili bado litawafaa. Kati ya pande mbili za chombo inakaa gasketi ya shaba, na pande zote mbili zina ukingo mkali. Ukikaza boliti, ukingo unaiuma shaba, na hapo ndipo hewa inapokosa njia. Unakaza moja kidogo, unakwenda ya upande wa pili, unakaza kidogo, unazunguka hivyo hivyo kwa subira. Spana inayobofya mnayo, lakini inakwambia nguvu tu. Haikwambii kama shaba imekubali. Mkono ndio unaokwambia.

Bwana Seif alikuwa na desturi moja kwa vile vipande vikubwa. Chombo hufungwa na mkono mmoja, tangu boliti ya kwanza mpaka ya mwisho. Fundi akishikwa na haja, chombo kinamngoja. Alisema mkono una lafudhi yake kama mdomo, na chombo kilichofungwa kwa lafudhi mbili hakisemi kweli. Wageni wa mradi walidhani ni ushirikina, wakamwachia uzee wake.

Basi likaja jaribio kuu. Hapo awali tulipima vipande kimoja kimoja. Sasa ulikuwa mtambo mzima, mabomba yote pamoja katika chombo kimoja, na wenye mradi wanakuja kuutazama ukiwaka. Kila aliyekuwa pale alijua pia kwamba hilo ni jaribio la mwisho la Bwana Seif, kwamba likiisha anarudi Maskati kwa wanawe. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: mkono wa nani utaufunga? Sikuwa nalala. Wanjala naye nilimwona amepungukiwa na kicheko, nikajua ananyemelea hapo hapo. Bwana Seif hakusema neno. Uvumi ukawa kwamba ataufunga mwenyewe, uwe wa kuagia. Hilo ningelimeza. Wanjala nisingeweza.

Siku moja kabla ya kufunga, alitualika karakana nzima kwake Umm Salal baada ya alasiri. Tukala wali wa mbuzi kwenye sinia. Alimketisha Wanjala kuliani kwake, akamchagulia nyama kwa mkono wake. Mimi nilikaa karibu na mlango, nyama nilijichagulia. Tulipokwisha kula na kunywa kahawa, akaingia na chetezo. Mnajua desturi ya huku: udi ukishazungushwa ndio kwaheri, hakuna kukaa tena. Tukatazamana. Huyu huyu mzee anayetunusa mikono mlangoni, na kesho kazi! Lakini nani atamkatalia mwenye nyumba?

Na nyuma ya chetezo kikatoka kile kichupa. Kidogo, kifuniko cha fedha.

Akaanza na Wanjala. Akamshika mkono, akampaka nyuma ya kiganja, akasugua taratibu kama mtu anayemwombea dua. Akamnong'oneza kitu. Wanjala akainamisha kichwa. Akaja wa pili, wa tatu, wote wakapakwa. Mimi nimeshaukunjua mkono wangu, nimeuweka tayari juu ya goti. Akafika kwangu. Akauangalia mkono, akaniangalia mimi usoni, akafunga kichupa, akapita.

Mbele za watu.

Kichupa ambacho alikiahidi nyumbani kwangu, sebuleni kwangu, mke wangu akisikia, kimewapaka watu wote na mimi kimeniruka. Nilirudi Najma ndani ya gari moja na wenzangu, wote wananukia kama maharusi, mimi katikati yao nanuka sabuni ya mche. Wanjala alikuwa kiti cha mbele, hageuki, haongei. Nikasema moyoni, ameshiba sifa huyo.

Mwanaisha alinipokea mlangoni, akajua nina jambo hata kabla ya kuninusa. Nilimweleza. Akaenda kabatini akatoa mafuta yake mwenyewe. "Baba Salha, lete mkono," akasema. "Kama yeye hakukupaka, nitakupaka mimi. Kwani lazima yawe ya Mmanga?" Nikamwambia aache. Sitaki. Kama sistahili yake, sitaki ya mtu. Niliyasema hayo kwa donge, na donge peke yake, msije mkadhani nilikuwa nawaza kazi. Nilioga kwa sabuni yangu, nikavaa nguo za kabati langu, nikalala uso ukutani.

Asubuhi Bwana Seif alikuwa mlangoni kama siku zote. Lakini safari hii alitoa mikono yake mwenyewe kwanza, akatunyooshea tuinuse. Ilinukia udi mpaka machozi. "Leo na yangu haiingii," akasema, na watu wakacheka. Akapita mstarini akinusa, huyu haingii, yule haingii. Wanjala alitoa mikono yake bila mzaha wowote. Alipofika kwangu aliinusa muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akasema, "Bakari, vaa glavu. Funga."

Mwenye akili angeelewa palepale. Mwenye wivu haelewi, anahesabu. Nikahesabu hivi: wenzangu wamepewa heshima jana, kwa hiyo leo wamebaki wachafu, na mimi niliyerukwa nimebaki msafi kwa bahati mbaya, nipewe kazi kwa kuwa hakuna mwingine. Wanjala kapewa mafuta, mimi nimepewa spana. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye chumba kile, siku kubwa kuliko zote za maisha yangu, nimevimba mdomo.

Nikafunga. Kazi haijui umenuna. Nilianza na boliti ya kwanza nikazunguka, upande huu na upande ule, kidogo kidogo, mpaka nikasikia shaba inakubali. Bwana Seif alikaa nje ya kioo kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, hakuondoka hata kwenda kuswali mpaka nami nilipotoka tukaswali pamoja. Wanjala alisimama nyuma yake. Nilipoinua macho nilimwona ananitazama mikono, na nikamgeuzia mgongo ili asione vizuri.

Tukauoka mtambo siku kadhaa kutoa unyevu, pampu ikivuta. Geji ikashuka, ikashuka, ikapita pale ilipozoea kukaa. Siku ya wageni tukavunja kidonge cha siziamu ndani kwa ndani, tukapandisha hita. Kwenye kile kidirisha kidogo ukaanza wekundu, ukawa rangi ya chungwa, ukawa mweupe usiotazamika. Vipimo vyote vilikuwa vimeunganishwa na kompyuta za wageni, lakini Bwana Seif alikuwa amefunga pembeni balbu ya taa ya gari, kwa ajili yetu sisi tusiopenda namba. Balbu ile ikaanza kumeta, ikawa nyekundu, ikawaka. Hakuna mvuke, hakuna kitu kinachozunguka, hakuna sauti. Moto umekuwa taa.

Wageni walipiga makofi, na mkubwa wao akaenda moja kwa moja kumpa mkono Wanjala, nadhani kwa sababu ya urefu wake. Hata hilo nililiweka moyoni.

Mtambo ulikaa ukiwaka muda wote walioutaka, haukuvuja. Bwana Seif akaondoka kwenda Maskati. Siku ya kumuaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushika sana, na hakunipaka kitu. Nikasubiri aseme neno. Akasema nimsalimie Mama Salha. Wanjala aliitwa pembeni wakazungumza faragha, nikaona kitu kinatoka mfuko huu kinaingia mfuko ule. Miaka michache baadaye tukaletewa habari kwamba mzee amefariki. Nilimlilia kweli, na katikati ya kilio nikawa nawaza yule Wanjala alipewa nini.

Miaka iliyofuata mnaijua wenyewe. Wenye mradi walifunga vyao, tukahamia kupima vibati vya kugeuza joto la moto wa gesi kuwa umeme, vya kuweka kwenye visima vilivyo mbali. Huko kwenye kisiwa cha Pearl wakamaliza kujenga magorofa, mji ukachimbwa njia za treni, ninyi mkaanza kuja mmoja mmoja na simu zenu. Wanjala akawa msimamizi wa karakana, lakini nimesema vyeo sitavizungumza. Kila asubuhi alisimama mlangoni akanusa mikono, ingawa tulikuwa na mashine. Ya kwangu aliinusa kwa heshima. Nami nilimpa kwa kinyongo.

Mpaka juzi, siku yangu ya mwisho. Mlikuwepo. Mlileta keki, Mama Salha alileta mandazi ya iliki, mkapiga picha. Ninyi mliona Wanjala amesimama kuzungumza mkadhani ni hotuba ya msimamizi. Alipotoa kile kichupa chenye kifuniko cha fedha, ni mimi na mke wangu tu tuliokijua.

"Mzee Bakari," akasema, "wacha nikuambie kitu nimekaa nayo miaka mingi. Ile jioni ya Umm Salal, unajua Bwana Seif aliniambia nini sikioni? Aliniambia, 'Mwanangu, nisamehe, kesho si wewe.' Hayo mafuta alikuwa ananiondoa. Alituondoa sisi wote, hata yeye mwenyewe alijiondoa. Alikuacha wewe. Mzee, nilikuonea wivu vibaya sana. Nilikaa kwa hiyo gari mbele na nilikuwa nalia."

Miaka yote ile! Nilikuwa natazama bega lake lililoshikwa, na yeye anatazama mkono wangu ulioachwa. Tulikuwa tunaoneana wivu wima wima, kila asubuhi, mlango mmoja.

Akasema Bwana Seif alimwachia kichupa siku ya kuagana, akamwambia kuna ahadi ya Mama Salha, siku Bakari akimaliza, ampake yeye kwa niaba yake. Nikauliza kwa nini hakuniachia mwenyewe. Wanjala akacheka kile kicheko chake cha mbali. "Alisema wewe ungejipaka kesho yake asubuhi ndio ujue kama unapendwa."

Kisha akasema, "Lete mkono," akanipaka. Taratibu, nyuma ya kiganja, akasugua mpaka yakaingia. Mwanaisha alikuwa analia na kucheka. "Haya," akaniambia, "mwenzangu amekuacha. Twende nyumbani." Harufu ilikuwa ile ile ya sebuleni Najma.

Mkajipanga kunipa mkono wa kwaheri, na kila mmoja wenu alipofika Wanjala alikuwa amesimama pembeni yangu na kichupa wazi. Akawapaka wageni, akampaka mke wangu, akawapaka watu wa ofisini. Ninyi mlioshika kazi ya kesho aliwaangalia usoni, akafunga kifuniko, akawapita. Nikamwona mmoja wenu amenuna, mkono bado ameunyoosha.

Kijana, mimi nilikuwa nimesimama pale nanukia kama bwana harusi, nautazama mkono wako mkavu, na nilikuonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea Wanjala.